Mtoto wa nyoka akigoma kula: dhana potofu na ukweli wake

Ninafuga nyoka wa nyumbani wa kahawia hapa Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Nina kibali, kwa sababu kwa sheria yetu mnyamapori hafugwi kiholela. Ni nyoka asiye na sumu, mwenye mistari miwili hafifu kila upande wa kichwa, na huwinda panya usiku kwa kumviringa na kumbana. Kwa kazi anafanana sana na nyoka wala panya wa Marekani, wale wa jenasi ya Pantherophis, ambao wafugaji wamewazalisha kwa vizazi vingi. Mengi tunayoyajua kuhusu kumlisha mtoto anayegoma yametoka kwa wale. Makosa mengi pia yametoka huko, na mengine tumejiongezea wenyewe.

“Mayai yageuze kama ya kuku.” Hili nimelisikia kutoka kwa watu wazima wenye heshima zao, na naelewa linatoka wapi: kila aliyefuga kuku ameona mama akiyageuza mayai yake. Yai la nyoka ni kinyume kabisa. Muda mfupi baada ya kutagwa, kiinitete hujishikiza sehemu ya juu ya ganda, na ukiligeuza unaweza kukiua. Mimi huweka alama ya penseli juu ya kila yai kabla ya kulihamisha, na yaliyogandana siyabandui. Kitanda chao kiwe na unyevu bila kutota, joto liwe nyuzi 27 hadi 29, kisha subiri kama miezi miwili, wakati mwingine zaidi. Siku ya kutotolewa, mtoto huchana ganda kwa kijino kidogo, akatoa pua, akatulia hapo hata siku nzima au mbili. Usimvute. Bado anamalizia kiini cha yai.

Kuna wanaoamini kwamba nyoka hazai mpaka apozwe kwanza. Kwa wale wa Marekani wana hoja: kwao kuna majira ya baridi kali, na wafugaji wengi huwashushia joto hadi nyuzi 10 au 15 kwa miezi miwili au mitatu kabla ya kuwapandisha. Nyoka wetu hajawahi kuiona baridi hiyo. Jike aliyelishwa vizuri hutaga bila friji yoyote, hata zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kinachomwangusha ni kutopumzishwa kati ya uzao na uzao.

Na maziwa? Hapana. Nyoka hanywi maziwa kama chakula, awe mkubwa au mdogo. Mpe maji safi.

Sasa tufike panapouma. “Asipokula siku ya kwanza atakufa, mlazimishe.” Uzao wangu wa kwanza ulikuwa wa mayai 11. Siku ya tatu nilishikwa na hofu, nikamfungua mdomo mtoto mmoja na kumsukumia chakula kooni. Alitapika, na baada ya siku nne akafa. Bado linaniuma, kwa sababu hakuwa na njaa. Mtoto wa nyoka huzaliwa na akiba ya kiini tumboni, na kwa kawaida haangalii chakula mpaka ajivue gamba la kwanza, wiki moja au mbili hivi baadaye. Kabla ya hapo mwache.

Akishajivua na bado akagoma, wengi husema ni mgonjwa au ana kiburi. Mara nyingi anaogopa, ana baridi, au hajui kwamba ulichompa ni chakula. Ana urefu wa rula, na kila kiumbe huko nje kinamla. Ukimweka kwenye sanduku kubwa ukidhani unamfurahisha, atajikunyata pembeni. Kopo dogo la plastiki lenye matundu, karatasi iliyokunjwakunjwa ya kujifichia na kikombe kidogo cha maji vinamtosha. Pima joto pia: hapa Mwanza usiku wa Juni na Julai chumba hupoa, na nyoka aliyepoa hasagi chakula. Upande mmoja wa kopo ufike nyuzi 28 hivi.

Halafu kuna harufu. Porini watoto wa nyoka wala panya wa Marekani hula mijusi na vyura wa mitini, na panya huja baadaye. Wetu nao wengi hupenda mijusi. Kichanga cha panya mweupe kwake hakina harufu ya chakula. Basi kioshe kichanga kilichokufa kwa maji, kikaushe, kisugue na mjusi kafiri, au na mkia tu, ambao mjusi mwenyewe huuachia akibanwa. Kiweke ndani ya kopo jioni, zima taa, ondoka. Ikishindikana, pasua kidogo kichwa cha kichanga hicho ili harufu itoke. Kati ya jaribio na jaribio pitisha siku tano au zaidi, na katikati usimshike, hata kwa dakika moja ya kumwonyesha mgeni. Mjusi mzima wa ukutani simpi, maana hubeba minyoo.

Kumsaidia mdomoni ni njia ya mwisho kabisa, pale mizani inapoonyesha anapungua wiki hadi wiki na uti wa mgongo umeanza kuchomoza. Hata hapo, gusisha tu kichwa cha kichanga kati ya taya, mlaze chini na usitikisike. Mara nyingi humalizia mwenyewe. Akitapika, usimpe kitu kwa siku kumi.

Na tafadhali, usiokote mayai vichakani ukidhani ni ya nyoka wa nyumbani. Swila naye hutaga, na mtoto wake hutoka akiwa na sumu tayari.

Msimu uliopita mtoto wa tisa aligoma mara sita. Mara ya saba nilimpakia kichanga harufu ya mjusi kafiri wa ukuta wa jikoni, nikazima taa saa tatu usiku. Alfajiri kopo lilikuwa tupu, na tumbo lake lilikuwa na kivimbe kidogo katikati.