Hofu ya kimo na ziplaini: kazi iko jukwaani, si hewani

Likizo ya Agosti ikikaribia, simu yangu huanza kulia. Wanaonipigia ni watu wa hapa hapa Mombasa ambao mwaka mzima wameishi na hofu ya kimo bila kumwambia mtu. Wamepanga nyumba ya chini, nguo juu ya paa wanaanikiwa na wengine, na daraja la Nyali wanalivuka ndani ya matatu wakiwa wamekaa kiti cha ndani na macho kwenye simu. Kisha chama au ofisi inapanga safari ya bara, na kwenye ratiba, baina ya chakula cha mchana na kurudi Nairobi, kumeandikwa ziplaini, yaani kuteleza juu ya waya kutoka jukwaa la juu hadi jingine, umefungwa mikanda.

Mimi ni mwanasaikolojia wa tiba, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni hofu na wasiwasi. Tena mimi mwenyewe tangu utotoni si mtu wa mahali pa juu, kwa hivyo haya nayaandika kwa niliyosoma na kwa magoti yangu pia.

Wengi hunijia wakiwa wameshapewa ushauri na jamaa: piga moyo konde, fumba macho, usitazame chini, ukishasukumwa basi imekwisha. La kupiga moyo konde sina ugomvi nalo, ila halimsaidii mtu sana. Hayo mengine yanamharibia kabisa, na ili kuona ni kwa nini, inabidi kwanza tujue mwili unafanya nini ukiwa juu.

Kuogopa kimo kwenyewe si ugonjwa. Mwaka 1960 Eleanor Gibson na Richard Walk walitengeneza meza ya kioo, upande mmoja ukionekana kama sakafu iko karibu, upande wa pili kama kuna shimo. Wakawaweka juu yake watoto wa miezi 6 hadi 14, wale wa kutambaa. Wengi walikataa kupita juu ya hilo "shimo" hata mama zao wakiwaita kutoka ng'ambo. Tunahesabu hofu kuwa ni tatizo la kutibiwa inapodumu miezi 6 au zaidi na ikaanza kumpangia mtu maisha: kazi anaikataa kwa sababu ofisi iko ghorofa ya sita, harusi haendi kwa sababu ni juu ya paa la hoteli.

Sasa macho. Hapa ndipo penye siri yenyewe, na ajabu ni kwamba watu hawaelezwi. Mtu akisimama wima, hata akidhani ametulia tuli, mwili unayumba kidogo wakati wote. Anaudhibiti kwa vitu vitatu: sikio la ndani, nyayo na viungo, na macho. Macho yanafanya kazi hiyo kwa kuangalia vitu vya karibu. Ukiyumba kidogo tu, kiti kilicho mbele yako kinaonekana kusogea, nawe bila kujua unajirudisha. Ukiwa ukingoni mwa mahali pa juu, hakuna kitu cha karibu mbele yako. Kilichoko ni bonde, au bahari, au mti ulio mbali, na msogeo wake ni mdogo mno jicho lisiuone. Basi mwili unayumba zaidi kabla ya kujisahihisha, sikio linasema hivi, macho yanasema vile, na ubongo unakupa kizunguzungu. Thomas Brandt, daktari wa neva wa Ujerumani, na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 1980, na wakaonyesha kwamba huwa kali zaidi mtu akiwa amesimama kuliko akiwa amekaa au amelala.

Ukifumba macho, basi, umeiondoa ile nguzo moja iliyokuwa imeshadhoofika, na mwili utayumba zaidi. Ukitazama kitu cha karibu, ukagusa nguzo kwa kiganja, au ukakaa, mwili unatulia. Ndiyo sababu pia kwenye ziplaini sehemu ngumu ni jukwaa. Ukishakaa kwenye mikanda na uzito wako ukabebwa na waya, huna tena kazi ya kujisimamisha. Karibu kila niliyemuandaa hunipigia baadaye kushangaa kwamba hewani palikuwa rahisi kuliko kusimama pale juu akingoja zamu yake.

Swali la pili ninaloulizwa ni, "Je, nikizimia?" Kuzimia hutokana na shinikizo la damu kushuka ghafla. Hofu ya kimo inafanya kinyume chake: moyo unakwenda mbio na shinikizo linapanda. Wanaozimia kweli kwa hofu ni wale wa damu na sindano, na hao mwili wao una tabia yake tofauti. Juu ya jukwaa utatetemeka, utatoka jasho, mdomo utakauka, lakini kuzimia ni nadra sana. (Asubuhi hiyo iache kahawa tungu, na miraa usiiguse. Moyo ukishaanza kudunda kwa sababu ya kikombe, akili itasema ni hofu.)

La tatu watu hulisema kwa sauti ya chini: "Nikiwa juu nahisi kama nitajirusha." Wengine wanadhani ni shetani. Watafiti wa Marekani walilichunguza mwaka 2012 kwa kuwauliza wanafunzi wa chuo kikuu, na zaidi ya nusu ya wale ambao hawakuwahi hata kuwaza kujiua walisema wameshaihisi hali hiyo. Maelezo yao ni kwamba mwili ulirudi nyuma haraka kujilinda, kisha akili ikajiuliza kwa nini nimeruka nyuma, ikajijibu vibaya. Dua isomwe, sina neno, lakini usijione mwenda wazimu. Kama mawazo ya kufa unayo hata ukiwa chini, hilo ni jambo jingine, na hilo usingoje likizo, zungumza na mtaalamu.

Tiba yenyewe haina mbwembwe. Tangu Joseph Wolpe, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini, aliposhughulikia hofu kwa hatua ndogo ndogo katika miaka ya 1950, tumeongeza na kurekebisha mengi, lakini mhimili ni ule ule: unakaribia kile unachokiogopa ngazi kwa ngazi, na kila ngazi unakaa mpaka hofu ipungue au mpaka ujue ulilolitarajia halikutokea. Lars-Göran Öst wa Sweden alionyesha mwaka 1989 kwamba hofu za aina hii zinaweza kutibiwa hata kwa kikao kimoja cha muda wa saa tatu hivi, kikiwa na maandalizi. Hakuna mkwezi aliyeanzishwa juu ya mnazi mrefu.

Mfano wangu ni wifi yangu, ambaye ameniruhusu nimwandike mradi nisimtaje jina. Ndugu zangu walipanga twende msitu wa Kereita, kule kusini mwa Aberdare karibu na Kimende, ambako kuna ziplaini zinazopita juu ya miti. Yeye akasema, "Wifi, mimi nitabaki na mikoba." Nikamwambia mikoba itabakiwa na mwingine.

Tulianza na paa la nyumba yao Tudor, kati ya matangi ya maji na kamba za nguo, kiganja ukutani. Kisha Fort Jesus. Hapo ni pazuri mno kwa mazoezi kwa sababu Wareno, walioijenga baina ya 1593 na 1596, walitupa kuta za viwango mbalimbali: pengine unasimama nyuma ya ukuta unaokufika kifuani, pengine unakufika pajani tu, na chini ni miamba na maji. Nilimwomba akadirie kimo kutoka pale juu. Akasema, "Ghorofa kumi hizi." Tukashuka, tukazunguka kwa nje ufuoni, akatazama juu, akacheka: "Mbona kafupi?" Hilo pia limepimwa. Watu wakitazama kutoka juu kwenda chini huongeza kimo, na wenye hofu huongeza zaidi. Macho ya mwenye hofu yanamdanganya kwa upande mmoja tu, na ni vizuri alione hilo kwa macho hayo hayo.

Kila mara kabla ya kupanda nilimtaka aandike kwenye simu yake anatarajia nini kitatokea, kwa maneno kamili. "Nitaogopa" sikulikubali, kwa sababu kuogopa ataogopa. Nilitaka kitu ambacho baadaye tunaweza kusema kimetokea au hakikutokea. Kwa daraja la Nyali aliandika: "Lori likipita daraja litatikisika, nitashindwa kusogea, nitakaa chini watu wanitazame." Lori likapita. Daraja likatikisika kweli, maana ukisimama karibu na viungo vyake unasikia mtikiso mpaka magotini. Akashika chuma cha pembeni, akatazama kutu ya bolti iliyo karibu na mkono wake kama nilivyomwambia, kisha mashua zilizo chini, kisha upande wa Mji wa Kale. Hakukaa chini. Alisogea. Tukasimama hapo hapo mpaka akaanza kunilalamikia jua, nami kwangu mtu akianza kulalamikia jua ni dalili njema. Mkienda nendeni mchana, na simu iwe ndani ya mkoba. Hofu ya vibaka hiyo sitibu.

Ngazi ya mwisho kwa huku pwani ilikuwa lile daraja la mbao la kuning'inia kwenye mikoko ya Mida, kule Watamu. Si refu kwenda juu, lakini linayumba, na kuyumba ndiko nilikokutaka. Maji yakitoka unaona kaa wakikimbia kwenye tope kupitia nafasi za mbao. Mara ya kwanza alipita akishika kamba za pande zote mbili, akarudi akishika moja.

Dawa za kutuliza sikumpa, ingawa aliomba. Vidonge vya kundi la benzodiazepini vinaweza kumvusha mtu siku hiyo, lakini huzuia ubongo usijifunze. Atarudi akisema ni kidonge kilichoruka.

Kereita tulifika na ukungu. Tulitoka Miritini kwa treni siku iliyotangulia, na asubuhi hiyo, tukipita mashamba ya chai, sisi watu wa pwani tulikuwa tumevaa kila kilichokuwamo mkobani. Waongozaji walitufunga mikanda ya kiunoni na mapajani, helmeti, na kapi la kupita juu ya waya. Nilimwacha wifi aulize kila kitu, kwa sababu maswali ya vifaa yana majibu. Waya wa ziplaini ni kamba ya nyuzi za chuma zilizosokotwa, na hata mwembamba wa milimita 12 hubeba tani kadhaa kabla ya kukatika. Karabina, zile pete za chuma zenye kifungo, kwa kiwango cha Ulaya zapaswa kuhimili angalau kilonyutoni 20, yaani kama tani mbili. Ukiwa jukwaani tayari umefungwa kwenye mti. Kumjulisha mtu haya si kumwondolea hofu, ila kunampa jambo la kweli la kushindana nayo.

Juu ya jukwaa nilizungumza na mwongozaji kabla ya zamu yetu. Nilimwomba mawili tu: asimsukume, na asimwambie "usiogope." Kijana alinielewa mara moja, akamwambia, "Mama, wewe ndiye unahesabu. Ukisema tatu, tunaenda. Usiposema, tunasimama."

Wifi aliweka kiganja kwenye gome la mti. Akatazama gome, kisha fundo la kamba, kisha mti wa pili, mwisho bonde. Miguu ilikuwa inamtetemeka mpaka ubao ukawa unatoa mlio. Akahesabu moja, mbili, akanyamaza. Wale wa nyuma wakaanza kuguna, nami nikawatazama wakaacha. Kisha akakaa kwenye mikanda taratibu, miguu bado iko kwenye ubao, mpaka akausikia waya umembeba. Hiyo ndiyo hatua ninayotaka kila mtu aikumbuke: kaa kwanza, halafu nenda. Akasema tatu.

Kwenye simu alikuwa ameandika matatu: nitaanguka, nitazimia, nitapiga kelele mbele ya shemeji zangu. La tatu lilitokea, na lilisikika mbali.

Si kila mtu atasema tatu, na si lazima. Ukiona huwezi, usishuke wakati hofu iko kileleni, maana ubongo utaandika kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Simama, shika mti, ngoja ipungue hata kidogo, ndipo uombe kushuka. Wajawazito, wenye ugonjwa mkubwa wa moyo, wenye kifafa na waliopasuliwa mgongo wamuulize daktari kabla ya kulipa. Na anayepata kizunguzungu akigeuka tu kitandani, huyo shida yake huenda ni sikio la ndani, aanze kwa daktari wa masikio.

Mkisharudi nyumbani, kuna kazi bado. Hofu iliyopungua mara moja mahali pamoja hurudi kirahisi mahali pengine, hasa ukikaa miezi bila kuigusa. Panda paa wiki hiyo hiyo, vuka Nyali kwa miguu wiki inayofuata, na nguo zako uanike mwenyewe.