Je, mtafutaji wa kiroho hupotea asipokuwa na mwalimu aliye hai?

Imani iliyoenea kwa muda mrefu husema kwamba anayetafuta njia ya kiroho bila mwalimu aliye hai lazima apotee, na kwamba dini zote zimekubaliana juu ya hilo. Imani hii haikuzuka hivi hivi. Twarika za Kisufi, yaani vyama vya Waislamu wanaofuata njia ya kiroho ya ndani, humtaka muridi (mwanafunzi) awe na shehe, na hata usomaji wa Kurani hupokewa kwa mdomo wa mwalimu: misahafu ya mwanzo haikuwa na irabu wala nukta kamili, hivyo neno moja lililoandikwa liliweza kusomwa kwa namna zaidi ya moja mpaka aliyelisikia alitamke.

Hata hivyo, makubaliano hayo ya dini zote hayapo. Kwa Masingasinga walio wengi, tangu mwaka 1708 hakuna guru, yaani mwalimu wa kiroho, aliye binadamu. Kitabu chao kitakatifu chenyewe, Guru Granth Sahib, ndicho guru. Waprotestanti wa karne ya 16 nao walisisitiza kwamba msomaji wa kawaida anaweza kuyaelewa Maandiko katika mambo ya wokovu, ingawa hawakuacha kuwa na wachungaji, jambo ambalo kwa maoni yangu husahauliwa mno.

Msomaji anaweza kuhakiki mwenyewe. Msemo "asiye na shehe, shehe wake ni shetani" hunukuliwa wakati mwingine kana kwamba ni aya, lakini ukiutafuta katika Kurani hutaupata, kwani ni kauli ya Masufi. Vivyo hivyo, nukuu yoyote unayopewa ifungue mahali ilipo, usome aya zinazoitangulia na zinazoifuata, ulinganishe tafsiri mbili, kisha umwulize mwenye elimu pale tafsiri hizo zinapoachana.