Uliza Mkutubi Mtandaoni: kwa nini maswali mengine hukawia

Tangu maktaba yetu ya utafiti hapa Kisumu ijiunge na maktaba nyingine zinazosaidiana kujibu maswali ya wasomaji mtandaoni, tunalalamikiwa kwamba majibu yanakawia. Mara nyingi kinachokawiza ni swali lenyewe.

Ingia kwa nambari yako ya usomaji, ufungue fomu na kujaza sehemu nne: swali, miaka inayohusika, vyanzo ulivyokwisha kupekua, na siku unayohitaji jibu. Ya tatu ndiyo watu huiruka. Ukiiacha wazi, mkutubi wa zamu ataanzia katalogi ileile uliyoimaliza jana.

Sisi hulishughulikia swali siku mbili za kazi. Tukikosa jibu, tunaondoa jina na anwani yako, kwa kuzingatia Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kisha tunalipeleka kwa maktaba mshirika. Mkutubi wa huko hakujui. Anachokiona ni maneno yako tu. “Nataka habari za reli” halimsaidii. Andika: “Natafuta ripoti za ujenzi wa reli kati ya Nakuru na Port Florence, 1899 hadi 1901.” (Port Florence ndilo jina la zamani la Kisumu.) Kumbuka pia kwamba hadi 1902 Nakuru na Kisumu zilikuwa upande wa Uganda, na hadi 1905 mambo ya eneo hili yaliendeshwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, si ile ya Makoloni. Anayetafuta kwa neno “Kenya” peke yake atatoka mikono mitupu, ilhali majalada yapo London.

Usitume swali moja mara tatu. Kila utumaji hupewa nambari yake, na wakutubi watatu hujikuta wakifanya kazi moja. Kosa la kwanza ni onyo kwa barua pepe; la pili, akaunti hufungwa siku 30, na rufaa ni kwa maandishi kwa mkuu wa huduma za wasomaji. Kabla ya kulalamika, angalia kwanza folda ya barua taka.

Tunaweza kukuskania makala moja ya jarida au sura moja ya kitabu kwa ajili ya utafiti. Kitabu kizima kilicho chini ya hakimiliki, hapana, hata ukiapa ni cha kusoma tu.

Maswali ya kazi za darasani hatuyajibu. Tunayatambua: huja mengi siku moja, yote yakiwa na kosa lilelile la tahajia.