Mmisionari akikumbuka kwao

Wachungaji na familia wanaojiandaa kutumwa Ujerumani huniuliza kwanza habari za baridi, kisha chakula, kisha lugha. Habari ya kukumbuka nyumbani haiulizwi. Nadhani wanaogopa wito wao usije ukaonekana mwepesi. Kanisa limekuwekea mikono mbele ya madhabahu, kina mama wamekufunga kitenge, kwaya imekuimbia, halafu miezi mitano baadaye uko Wuppertal, Ujerumani, unalilia ndizi za Bukoba! Kwa hiyo watu hunyamaza. Mimi ni mchungaji wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), nilisomea ushauri wa kichungaji, na nilitumika Wuppertal kabla ya kurudi na kupewa kazi ya kuwaandaa wengine. Basi acheni niliseme mimi.

Nianze na hofu ya imani, maana ndiyo inayowafunga wengi mdomo. Katika waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo yuko kifungoni, mbali na marafiki, na anaagiza aletewe joho lake aliloliacha Troa, pamoja na vitabu vyake. Tena anamsihi Timotheo afanye bidii afike kabla ya majira ya baridi. Mtume mzima anataka vazi lake na rafiki yake. Sioni upungufu wa imani hapo.

Waliotutangulia nao yaliwapata. Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na Julai ya mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine pamoja na binti yao mchanga. Rebmann, Mjerumani mwenzake, alimfuata mwaka 1846, akakaa miaka 29 bila kutia mguu Ulaya. Aliporudi mwaka 1875 alikuwa karibu kipofu, na mwaka uliofuata akafariki. Wote wawili waliandaliwa Basel, Uswisi. Ni mji huohuo ambako mwaka 1688 Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari, aliandika tasnifu akiieleza hamu ya nyumbani kuwa ugonjwa unaoweza kumuua mtu, na tiba aliyoiamini kuliko zote ni mgonjwa kurudishwa kwao. Sisi hatuiiti ugonjwa tena, lakini Hofer aliona vizuri jambo moja: mwili nao unashiriki. Usingizi unapaa, chakula hakishuki, kifua kinabana bila sababu ambayo daktari anaweza kuionyesha.

Siku hizi safari imegeuka. Wamisionari wa Betheli, kutoka Ujerumani, walifika Bukoba mwaka 1910. Leo wa Bukoba tunatumwa kwao. UEM, shirika la kimisioni lenye makao yake makuu Wuppertal, liligeuka mwaka 1996 kuwa ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, na watumishi hutumwa pande zote. Jambo zuri sana. Ila moyo wa anayetumwa kaskazini hauna tofauti na wa yule aliyetumwa kusini.

Ukimuuliza mtu amekumbuka nini, atakutajia chakula, kwa sababu chakula hakina aibu. Kaa naye saa nzima, yatatoka mengine. Kwa mchungaji wa kwetu jambo kubwa ni hodi. Nyumbani huamki kwa ratiba, unaamshwa. Saa kumi na mbili asubuhi mzee yuko barazani na kesi ya mpaka wa shamba. Hajamaliza, mama anafika na mtoto mwenye homa, na mwinjilisti amesimama pembeni na daftari la sadaka. Unalalamika kwamba hupumziki, lakini hodi hizo ndizo zinazokuambia wewe ni nani. Wuppertal anayetaka kuzungumza na mchungaji anapiga simu ofisini, anapewa nafasi Jumanne ya wiki ijayo saa tisa na robo, anafika dakika moja kabla, na saa kumi kamili anaaga. Si ubaya. Ndiyo heshima yao, na mazungumzo yenyewe mara nyingi huwa mazito kuliko ya barazani. Tatizo ni kimya kilichopo kati ya Jumanne moja na nyingine. Humo ndimo mtu anapoanza kujiuliza kama bado anahitajika.

Mama mchungaji ana hali ngumu zaidi, na wanaoandaa mikataba humsahau. Kwao alikuwa mwalimu, kiongozi wa umoja wa wanawake, mwenye shamba lake na kuku wake. Ugenini ni mke wa mtumishi anayesubiri darasa la Kijerumani. Watoto huzoea upesi kuliko wote, na hilo nalo lina uchungu wake: unamsemesha mwanao Kihaya, anakujibu Kijerumani.

Majuma ya kwanza huwa matamu. Ile treni ya Wuppertal inayoning'inia juu ya mto tangu mwaka 1901 inatosha kumfurahisha mgeni mwezi mzima. Kisha inakuja Novemba. Bukoba ni msimu wa senene, na simu inajaa picha za ndoo na sufuria. Dirishani kwako giza linashuka mapema kila siku. Kufikia katikati ya Desemba jua huchomoza kama saa mbili na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na nusu jioni, tena kama mawingu yameruhusu lionekane. Hapo ndipo watumishi wengi huanza kuniandikia. Na angalia saa wanazoandika: Jumapili mchana na jioni za sikukuu. Hamu ya nyumbani haimsumbui sana mtu aliye kazini, humngoja akae. Kwetu ibada ikiisha kuna mnada, mkungu wa ndizi unapandishwa bei kwa vicheko, na utaondoka kanisani saa nane. Kule mnakunywa kahawa, watu wanavaa makoti, na saa sita uko nyumbani kwako na mchana wote mbele yako. Kwa hiyo nawaambia: mchana wa Jumapili upangieni jambo tangu Ijumaa. Alikeni watu. Mjerumani akialikwa kwa tarehe na saa, huja, tena na maua.

Kuna na mitego isiyoonekana. Nyimbo nyingi za kitabu chetu zina asili ya Kijerumani. Umekaa kanisani, kinanda kinaanza, na sauti ile umeijua tangu mgongoni kwa bibi yako. Waliokuzunguka wanaiimba taratibu, bila ngoma, kwa maneno mengine. Nimewaona wanaume wakubwa wakitoka nje katikati ya ubeti wa pili. Hakuna cha kufanya, beba leso.

Simu je? Rebmann alingoja barua kwa miezi. Sisi tunapishana na Ujerumani saa mbili wakati wa baridi, na moja wakati wa kiangazi, kwa hiyo kila kinachotokea nyumbani unakipata palepale kinapotokea, ukiwa macho, usiweze kufanya kitu. Kundi la familia la WhatsApp lenye ukoo mzima halikupunguzii hamu, linaichochea, na juu yake linaleta michango, maana aliye Ulaya hutajwa wa kwanza kwenye orodha. Mpigie mtu mmoja, mwone uso, muulize ng'ombe amezaa nini. Kundi lisome mara moja kwa siku.

Hamu ya kawaida huja na kuondoka. Ikiwa majuma kadhaa yamepita mtu hapati usingizi, hali chakula, hataki kuonana na mtu, hata sala imemshinda, hiyo imeshavuka mpaka. Inaweza kuwa sonona, na sonona ina daktari. Kuombewa ni kwema, lakini kusichukue nafasi ya hospitali. Na anayeamua kurudi kabla ya mkataba kuisha hajaasi wito.

Lililo zito kuliko yote ni msiba. Mikataba mingi niliyoisoma inaruhusu mtumishi kusafiri akifiwa na mzazi, mwenzi au mtoto. Mama mkubwa aliyekulea tangu ukiwa na miaka mitatu hayumo. Baba mdogo aliyekulipia ada hayumo. Kwenye fomu wao ni ndugu wa mbali. Mtumishi mmoja alimzika mama mkubwa wake kwa simu, ameiegemeza kwenye kopo la sukari jikoni, picha ikikatika kila jeneza linapokaribia kaburi. Alikuwa peke yake kwa sababu hakutaka kuwasumbua Wajerumani. Kesho yake alihubiri.

Tangu hapo nina masharti mawili. La kwanza, msiba ukitokea, tangaza msiba hapohapo ulipo: mwambie mzee wa kanisa, fungua mlango, pika chai, weka viti, siku ya maziko watu waje mkae pamoja mbele ya hiyo simu. Hawajui matanga, lakini wakielezwa wanakaa. La pili ni la kabla ya safari. Andika majina ya waliokulea, wote, na uhusiano wenu ulivyo kweli, upeleke kwa wanaokutuma, uulize ni nani kati yao atalipiwa tiketi na nani utajilipia. Uliza kabla ya kusaini.