Chenji Ikizidi, Bei Ikikosewa: Unadaiwa Nini?

Umelipa, umepokea chenji, umetoka. Hatua chache mbele unahesabu na kukuta imezidi. Au umeagiza kitu kimoja mtandaoni, na mzigo ulipofika umekuta vimo viwili. Au lebo ya bei imepungua sifuri moja, nawe umeiona kabla ya mwenye duka. Kila ninapoendesha semina ya haki za mtumiaji, mada hii ndiyo inayoamsha ukumbi. Watu waliokaa kimya saa nzima nikieleza dhamana na marejesho ya bidhaa huinua mikono kwa pamoja, na wengi wana jibu tayari: "Kosa lao, bahati yangu."

Kazi yangu ni kumtetea mnunuzi. Ndiyo maana nataka kulisema hili mimi, kwa sababu likisemwa na mwenye duka halisikilizwi: ukishajua kwamba muuzaji amekosea, ulichokipata kutokana na kosa hilo si chako. Umemshikia tu. Neno lenye uzito hapo ni "kujua". Sheria na maadili hutofautiana katika mengi ya biashara, lakini kwenye neno hilo hukutana.

Bei iliyokosewa

Nianze na bei, kwa kuwa hapa ndipo wanunuzi wengi hudhani wana haki kubwa kuliko waliyo nayo. Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Uingereza, bidhaa iliyopangwa kwenye rafu ikiwa na bei yake bado si ahadi ya kuuza. Ni mwaliko. Mnunuzi ndiye anayetoa ombi la kununua anapoifikisha kaunta, na muuzaji anaweza kulikubali au kulikataa. Mahakama za Uingereza ziliuweka wazi msimamo huo mwaka 1953, katika kesi iliyohusu duka la dawa ambamo wateja walijichukulia bidhaa wenyewe. Kwa hiyo keshia akikwambia "samahani, bei hii imekosewa" kabla hujalipa, hajakudhulumu. Duka linalobandika bei ya chini makusudi ili kuwavuta watu ni habari nyingine kabisa. Huo ni udanganyifu, na sheria za kumlinda mtumiaji katika nchi nyingi huuadhibu.

Ukilipa kwa nia safi, hujui wala huna sababu ya kushuku, mauzo yamekamilika na hasara ni ya muuzaji. Bei nafuu zipo, punguzo zipo, na mnunuzi hana wajibu wa kuchunguza kila lebo kwa niaba ya duka. Mtu wa namna hiyo hadaiwi kitu, na asikubali kutishwa.

Akijua, mambo hubadilika. Mwaka 1939 mahakama moja ya Uingereza ilisikiliza kesi ya ngozi 30,000 za sungura kutoka Argentina. Mazungumzo yote kabla ya mauzo yalikuwa kwa bei ya kila ngozi, kama wafanyabiashara wa ngozi walivyozoea. Oferi ya mwisho ikaandikwa kwa kosa kuwa bei ni ya kila ratili, kipimo cha uzito cha karibu nusu kilo. Ratili moja ilibeba ngozi kama tatu, hivyo bei ikawa imeshuka hadi karibu theluthi. Mnunuzi akaidaka oferi hiyo upesi, kisha akashtaki aliponyimwa mzigo. Jaji alisema mtu wa biashara ile hakuweza kuiona bei hiyo asijue kuwa imekosewa, na kwa hiyo hapakuwa na mkataba.

Miaka zaidi ya 60 baadaye jambo hilohilo likatokea mtandaoni. Januari 2003, nchini Singapore, mfanyakazi wa kampuni ya kuuza vifaa vya kompyuta alikosea kwenye mfumo, na printa yenye bei halisi ya dola 3,854 za nchi hiyo ikaonekana inauzwa dola 66. Marafiki sita, watu wasomi, baadhi yao wakiwa na elimu ya sheria, walipashana habari usiku wa manane na kuagiza printa 1,606. Kampuni ilipokataa kuzitoa, walishtaki. Walishindwa mwaka 2004, na rufaa yao ikakataliwa mwaka 2005. Kilichowaangusha ni mwenendo wao wenyewe: saa walizoagiza, idadi waliyoitaka, na jumbe walizotumiana. Hakuna mtu anayehitaji printa mia kadhaa saa nane za usiku. Aliyeziagiza alijua kwamba mlango umeachwa wazi kwa bahati mbaya, akaharakisha kabla haujafungwa.

Naipenda kesi hii kwa kufundishia kwa sababu inampa kila mmoja wetu kipimo cha kujipima akiwa peke yake mbele ya simu. Je, ungempigia muuzaji kumuuliza kama bei hii ni sahihi? Ikiwa unasita kuuliza kwa kuogopa jibu, basi jibu unalo.

Kilichokwisha kufika mkononi

Chenji iliyozidi, fedha zilizorejeshwa mara mbili, kifurushi cha ziada: hapa bidhaa au fedha imeshakabidhiwa, na watu hudhani makabidhiano yamemaliza kila kitu. Hayamalizi. Sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, katika kifungu cha 72, inamtaka mtu aliyelipwa fedha au kukabidhiwa kitu kwa kosa airejeshe. Nchini Uingereza, kesi ya mwaka 1841 ilihusu kampuni ya bima iliyomlipa mjane wa mteja wake ikiwa imesahau kwamba bima hiyo ilikwisha kufa kwa sababu ada haikulipwa. Kampuni ilikuwa na kumbukumbu zote mezani, ilizembea tu. Mahakama ikasema uzembe wa aliyelipa haumnyimi haki ya kudai fedha zake, mradi alilipa akiwa amekosea kweli kuhusu hali ilivyo. Kila mara mtu anaponiambia "wangekuwa makini", namkumbusha hukumu hiyo. Umakini wa mtu ni jambo moja, umiliki wa mali yake ni jingine. Mtu akisahau mwavuli kwenye kiti, hajakupa mwavuli.

Kuna hata mahali ambapo kunyamaza kunaweza kuwa wizi. Sheria ya Wizi ya Uingereza ya mwaka 1968 inasema aliyepata mali kwa kosa la mwingine, na akawa na wajibu wa kuirejesha, anahesabiwa kuwa ameshika mali ya mtu. Akiamua kwa hila kubaki nayo, anaweza kushtakiwa. Upande wa pili nao una ulinzi: tangu mwaka 1991 mahakama za huko zinakubali kwamba aliyepokea bila kujua, akabadili maisha yake kwa imani kuwa fedha ni zake, asilazimishwe kurejesha kwa namna itakayomwonea. Hapa napo kinachopimwa ni kama alijua.

Anayelipa kosa

Wengi hujitetea kwamba duka ni kubwa na halitaumia. Ukubwa wa duka unaweza kupunguza maumivu, lakini haumbadilishi mwenye mali. Tena mara nyingi anayeumia si duka. Droo ya fedha huhesabiwa mwisho wa zamu. Hesabu isipotimia, wenyewe wanaita shoti, na anayeulizwa ni keshia. Nchini Uingereza sheria ya ajira ya mwaka 1996 ina kifungu maalumu kinachosema mwajiri wa duka asimkate mfanyakazi zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mshahara wa kipindi kimoja kwa sababu ya shoti. Hebu tafakari kwa nini kifungu hicho kilihitajika. Sheria haiweki kikomo kwa jambo ambalo halitendeki.

Somo hili nililipata kwa njia inayonisikitisha hadi leo. Miaka kadhaa iliyopita nilipokea chenji iliyozidi, nikaigundua nyumbani, nikasema nitairudisha nikipita tena. Nilipita siku ya nne. Keshia aliponiona nikieleza, machozi yalimlengalenga. Alikuwa amekwisha kukatwa. Baya zaidi, fedha niliyoirudisha ingeingia kwenye droo ya siku ile kama ziada tu, isimsaidie yeye hata kidogo. Ilibidi tumtafute msimamizi, tufungue rekodi za siku ile, tulinganishe na risiti yangu, ndipo akakubali kumrudishia makato yake. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa mvivu kwa siku nne, na uvivu wangu ulilipiwa na mtu mwingine.

Kuna neno jingine ninalolisikia sana, nalo huwa linasemwa kwa unyenyekevu: riziki. "Mungu kanipa." Sitaki kulidharau, kwa sababu anayelisema mara nyingi ana shida ya kweli. Lakini wachamungu wenyewe hawakuichukulia riziki hivyo. Katika hadithi ya Mtume Muhammad iliyopokewa kwa sahaba wake Abu Huraira, mtu alinunua ardhi akakuta humo mtungi wenye dhahabu. Akamrudia muuzaji na kumwambia achukue dhahabu yake, kwani yeye alinunua ardhi tu. Muuzaji naye akakataa, akisema aliuza ardhi pamoja na vilivyomo. Wakaenda kwa mwamuzi, naye akashauri kijana wa mmoja amwoe binti wa mwingine, na dhahabu hiyo itumike kwa ajili yao na kwa sadaka. Mnunuzi yule aliuliza alichokilipia ni nini hasa. Ukijiuliza hivyo mbele ya kifurushi cha ziada, mjadala unafupika sana.

Watafiti nao wamelichungulia jambo hili. Katika jaribio lililofanyika kwenye mkahawa mmoja nchini Israel na kuchapishwa mwaka 2013, wateja 192 walipewa chenji iliyozidi kwa makusudi. Wateja 128 hawakuirudisha. Walioizoea sehemu ile walirudisha zaidi kuliko wapita njia, na waliozidishiwa kiasi kikubwa walirudisha zaidi kuliko waliozidishiwa kidogo. Mwaka 2019 utafiti mwingine, uliokabidhi kwenye kaunta za taasisi pochi zaidi ya 17,000 kana kwamba zimeokotwa, katika nchi 40, uligundua kwamba pochi zenye fedha zilitafutiwa wenyewe zaidi kuliko pochi tupu. Ninavyosoma matokeo haya, kiasi kikubwa hutushtua tukajiona wezi, ilhali kiasi kidogo hakitushtui. Basi tunapoteleza zaidi ni kwenye kidogo, na kidogo hicho ndicho keshia hukosea mara nyingi.

Panapokuwa pagumu

Siyo kila faida inayotokana na kutojua kwa muuzaji ni dhuluma, na hapa natofautiana na baadhi ya wenzangu wanaotaka kanuni moja kwa yote. Muuzaji aliyebonyeza tarakimu vibaya hakukusudia bei ile; ukimwuliza atasema papo hapo, "Hapana, nimekosea." Muuzaji aliyekadiria kitu chake kuwa cha thamani ndogo alikusudia bei aliyoitaja, alichokosa ni ujuzi. Mahakama ya Uingereza ilitofautisha mambo ya aina hiyo mwaka 1871, katika kesi ya mtu aliyenunua nafaka mpya akidhani ni ya zamani: upande mmoja kunyamaza tu kuhusu sifa ya bidhaa hakuvunji mkataba. Thomas Aquinas, mwanatheolojia Mkatoliki wa karne ya 13, alikuwa mkali zaidi ya sheria. Kwake yeye, muuzaji akiuza dhahabu akidhani ni shaba, na mnunuzi akajua, mnunuzi ametenda isivyo haki na anapaswa kurejesha.

Mimi nasimama kati. Aliyetumia miaka kujifunza kutambua vitu vya kale na akanunua kimoja kwa bei aliyoombwa hajaiba. Ujuzi wake ni kazi yake. Lakini muuzaji akimuuliza "unakionaje?", naye akadanganya, amevuka mpaka. Na anapoona aliye mbele yake ni mtu asiye mfanyabiashara, anayeuza mali ya marehemu ili kujikimu, namtaka aseme, hata kama sheria haimlazimishi.

Vitu ambavyo hukuviagiza kabisa ni suala jingine. Marekani tangu mwaka 1970 inamruhusu anayetumiwa bidhaa kwa posta bila kuiagiza aihesabu kuwa zawadi. Sheria hiyo ililenga wafanyabiashara wanaotuma vitu makusudi kisha kudai malipo. Isitumike kama kisingizio kwa kifurushi chenye jina la jirani au kwa agizo lako lililotumwa mara mbili kwa bahati mbaya.

Unapogundua kosa, rudi siku hiyohiyo ukiwa na risiti, au piga simu na utaje saa, kaunta na kiasi. Omba msimamizi aandike, ili aliyekuwa zamu asikatwe. Kwa kifurushi cha mtandaoni, tuma ujumbe wenye picha na namba ya agizo; gharama ya kukirudisha ni ya muuzaji, na huna haja ya kuingia mfukoni kusahihisha kosa lake. Wakikwambia ubaki nacho, sasa ni chako, wamekupa wakijua. Tunza ujumbe huo. Wasipojibu, kitunze kitu chenyewe kikiwa salama kwa muda wa kutosha, uwakumbushe tena kwa maandishi, na usikiuze wala kukitumia wakati unangoja.