Je, wajua kwa nini mkataba wa pango hauruhusiwi kufika siku ya mwisho ya hati ya kiwanja?

Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inamruhusu mwenye hati kupangisha kiwanja chake kwa mwaka mmoja, kwa kumi au kwa thelathini, lakini inamwekea ukomo mmoja ambao watu wengi huupita bila kuuona: muda mrefu kabisa wa pango lazima upungue siku kumi katika muda wa hati yenyewe. Hauwezi kulingana nao, wala kupungua siku tisa. Ni siku kumi.

Nilikutana na siku hizo Kirumba, jijini Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, ambako mama yangu mdogo ana kiwanja. Mfanyabiashara mmoja alitaka kukipanga ajenge ghala la barafu, na rasimu ya mkataba ilipoletwa niliombwa niisome. Hati ilikuwa ya miaka 33 kuanzia tarehe 1 Julai 2019, hivyo inakoma tarehe 30 Juni 2052. Rasimu ilisema pango litakoma tarehe 20 Juni 2052. Nikaona kosa la uchapaji. Nikachukua kalamu, nikageuza 2 kuwa 3, nikaandika herufi za jina langu pembeni kama nilivyowahi kuona mawakili wakifanya, kisha nikarudisha karatasi nikiwa nimeridhika kabisa.

Dalali aliyetukutanisha alikuwa na maelezo yake. "Siku kumi hizo, kaka, ni za mpangaji kufunga virago," alisema, na kwa muda mrefu niliyaamini maelezo hayo, kwa sababu yanaingia akilini na kwa sababu yalisemwa bila kusitasita. Nimeyasikia tena kwa watu wengine, na wapo wanaosema kwamba siku hizo ni za serikali kuja kukagua kiwanja kabla ya kukichukua. Maelezo yote mawili si sahihi.

Tuanze na virago. Kama siku hizo zingekuwa za kuhama, zingekuwa mali ya mpangaji, naye angeruhusiwa kuwapo kiwanjani katika kipindi hicho. Mambo yako kinyume chake. Pango la mfano wetu linakwisha tarehe 20 Juni, na mpangaji anayeonekana hapo tarehe 21 amebaki bila mkataba, hata kama anabeba masanduku yake ya samaki kwa haraka kiasi gani. Ushauri wa dalali ungemweka mtu huyo matatani. Pili, siku za kuhama zingehitajika katika kila pango, kwa kuwa kila mpangaji ana vitu vya kuhamisha. Lakini fremu ya duka ya Makoroboi, mjini hapohapo, iliyopangwa kwa mwaka mmoja, katika jengo ambalo hati yake imebakiza miaka ishirini, haikatwi hata siku moja. Kinachopimwa ni urefu wa pango ukilinganishwa na urefu wa hati, na wingi wa mizigo hauhusiki. Habari ya ukaguzi nayo inaanguka hapohapo: mpaka usiku wa tarehe 30 Juni 2052 haki ya kukitumia kiwanja bado ni ya mwenye hati, na serikali haihitaji kuazima siku zake.

Siku kumi ni za nani, basi? Ni za mama mdogo. Sababu yake inaonekana vizuri zaidi ufukweni kuliko ofisini.

Chukua mtu aliyekodi mtumbwi kwa mwenyewe kwa siku thelathini. Akikupa wewe uuvulie kwa siku ishirini, mtumbwi utarudi mikononi mwake, naye ndiye atakayeufikisha kwa mwenye mali. Kwa kuwa utarudi kwake, ana sababu na haki ya kukuuliza mambo: kwa nini ubao umepasuka, kwa nini hujalipa ya wiki iliyopita, nani alikuruhusu kumpa rafiki yako. Sasa tuseme amekupa siku zote thelathini. Siku ya mwisho utaufikisha mtumbwi moja kwa moja kwa mwenyewe, na yule wa katikati hatauona tena. Anaweza kuendelea kukuita mpangaji wake, lakini alichofanya hasa ni kukuachia nafasi yake na kuondoka. Ili abaki katikati, inatosha mtumbwi upite mikononi mwake kwa muda mfupi tu mwishoni, hata kama katika muda huo hautagusa maji.

Ardhi ya Tanzania inafanana na mtumbwi huo kwa sababu yote ni ardhi ya umma, iliyo chini ya Rais kama mdhamini, na tunachokiita hati miliki ni haki ya kukaa na kuitumia kwa muda uliowekwa, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Mwenye hati kwa hiyo ndiye mtu wa katikati. Akitoa muda wake wote, hajapangisha, amehamisha. Uhamisho una njia yake: taarifa kwa mamlaka ya ardhi, kodi ya faida ya kuuza mali, ushuru wa stempu unaokokotolewa kwa thamani ya kiwanja, na jina jipya kuingia kwa Msajili wa Hati. Siku kumi zinazuia mtu kuuza kiwanja kwa jina la kupangisha, na vilevile zinamzuia mwenye hati asijikute ameuza bila kukusudia.

Kwa nini kumi, wakati kwa mantiki hiyo hata siku moja ingetosha? Sheria yenyewe haitoi sababu. Uingereza, ambako fikra hii ya kubakiza muda mwishoni ilikomaa, sheria yao ya mali ya mwaka 1925 iliagiza kwamba aliyeweka rehani pango lake lote ahesabiwe kuwa amempa mkopeshaji muda uliopungua siku kumi, na mkopeshaji wa pili apewe siku moja zaidi ya wa kwanza. Kumi, kwa hiyo, zilikuwa nafasi ya kuwapanga wadai kwa foleni, kila mmoja na siku yake. Kufanana kwa namba hakuthibitishi kwamba waandishi wa sheria yetu waliitoa huko, ingawa ningeshangaa kama ni bahati tu.

Kuna jambo moja la kuangaliwa. Maneno ya sheria yanataja muda wote wa hati tangu ilipotolewa, si muda uliobaki. Lakini mtu hawezi kupangisha miaka ambayo imeshapita, na ndiyo maana rasimu makini huhesabu kutoka tarehe ya mwisho kurudi nyuma. Tena hati ikihuishwa, pango halijirefushi lenyewe. Mkataba lazima uwe umesema hivyo.

Hatua nyingine ni za kawaida. Hati hupekuliwa kwa Msajili kuona kama ina rehani na kama matumizi yake ni ya biashara. Karibu na ziwa huangaliwa pia mita 60 kutoka ukingo wa maji, ambamo Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu. Ushuru wa stempu wa pango ni asilimia 1 ya kodi ya pango ya mwaka, na mkataba usiolipiwa haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na faini. Mpangaji mfanyabiashara hukata asilimia 10 ya kodi ya pango kama kodi ya zuio na kuipeleka mamlaka ya mapato, jambo ambalo wenye nyumba wengi huligundua siku wanapopokea pesa pungufu. Pango la mwaka mmoja au chini ya hapo laweza hata kuwa la mdomo, na ndiyo sababu wapangaji wengi wa fremu hawatazisikia siku kumi maishani mwao.

Mkataba wa Kirumba ulisainiwa hatimaye. Wakili hakuchapa upya ukurasa ule. Alikata 3 yangu kwa mstari mmoja, akairudisha 2 juu yake, na pande zote zikaweka sahihi pembeni. Herufi za jina langu bado zipo hapo, chini kidogo ya zao, na kwa hesabu ya mkataba zitakuwa hapo mpaka tarehe 20 Juni 2052.