Jeni iliyokunjwa kama kanga

Bibi mmoja wa Micheweni alimleta mjukuu wake hapa Chake Chake, mtoto wa miezi minane, vidole vya mikono na miguu vimemvimba. Majibu yalipotoka kuwa ni selimundu, maradhi ya damu ya kurithi, hakulia. Aliniuliza: “Mwanangu, kama kazaliwa nayo, miezi yote ile maradhi yalikuwa wapi?” Jirani alishamwambia ni kijicho.

Hata chuoni sikupata kuulizwa suali zuri kama hilo.

Karibu seli zetu zote zenye kiini zina DNA ile ile, yaani maandishi ya urithi, iwe ya ini, ya ngozi au ya ubongo. (Chembe nyekundu za damu zikikomaa hutupa kiini chao, ndiyo maana maabara tukitaka DNA tunaitafuta kwenye chembe nyeupe.) Kinachozitenga ni jeni zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa. Hiyo ndiyo epijenetiki.

Nilimwonesha kanga aliyojitanda. Ikikunjwa ikawekwa chini ya kasha, jina lake limo, herufi zote zimo, ila hakuna awezaye kulisoma. DNA nayo huzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, herufi kama 147 kwa kila fundo. Mafundo yakibanana, vinavyonakili jeni havipati pa kuingilia. Juu yake seli hubandika alama ndogo za kemikali ziitwazo methili, na inapojigawa huzinakili alama hizo pia. Ndivyo seli ya ini inavyozaa seli ya ini.

Sasa, jeni za globini, protini zinazounda himoglobini ya damu, baadhi yake zimepangana kwenye kromosomu ya 11. Mtoto aliyemo tumboni hutumia iitwayo gama. Kuanzia karibu na kuzaliwa, gama hukunjwa kidogo kidogo kwa msaada wa protini BCL11A, na mwenzake, beta, hukunjuliwa. Ikifika miezi sita hivi, gama imebaki chache mno. Kosa la selimundu ni herufi moja tu, nalo limo kwenye beta. Muda wote ule kanga yenye kosa ilikuwa bado kashani.

Bibi akafikiri. “Na ile ya mwanzo, imetupwa?”

Haijatupwa.

“Basi si muikunjue!”

Hakujua kuwa ndivyo ifanyavyo Casgevy, tiba iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023. Seli mama za damu hutolewa, hukatwa kipande cha DNA kinachoiamsha BCL11A ili gama ikunjuke tena, kisha hurudishwa mwilini. Ujanja wenyewe uko hapa: kipande hicho hufanya kazi kwenye ukoo wa chembe nyekundu tu, kwa hivyo seli nyengine zinazoihitaji BCL11A hazidhuriki. Bei yake Marekani inapindukia dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja. Hiyo sikumtajia.

Nilimtajia haidroksiyurea, dawa ya kumeza, kongwe, ambayo huongeza himoglobini ile ya utotoni. Madaktari huanza kuifikiria mtoto akifika miezi tisa. Bibi akahesabu kwa vidole. “Mfunguo Tatu,” akasema, akambeba mjukuu wake.